Ndoana Kooni mwa Chewa

Oribech aliingia uani bila hodi, kapu la makuti likimchuruzikia maji miguuni, akalitua juu ya benchi ambayo Isebong ndiyo kwanza alikuwa ameifuta. Mtu akikujia hivyo asubuhi, bila salamu wala umeamkaje, ujue hakukuletea zawadi.

"Fungua," alisema.

"Fungua wewe. Kapu ni lako."

Oribech akachukua kijiti, akasukuma majani ya mgomba pembeni. Ndani alilala chewa mnene wa madoa ya kahawia, mdomo wazi, macho yamekwisha kufifia. Isebong akarudi nyuma hatua mbili. Katika ukoo wao chewa haliwi, haguswi, na chungu kilichompika hakiingii jikoni. Ndiyo sababu ya kijiti na majani. Oribech naye alikuwa wa ukoo uleule, ila wa nyumba ya pili, na maisha yake yote hakuwahi kusahau kwamba nyumba ya kwanza ilikuwa ya Isebong.

"Tumemkuta kwenye maji ya magoti tukiokota kombe," alisema. "Anaelea tumbo juu. Hebu mchungulie koo, dada. Mimi sijasema kitu. Macho ninayo tu."

Kooni mlikuwa na ndoana, na kwenye ndoana kipande cha mshipi kilichokatika.

Ilikuwa siku ya nne tangu mlango wa Ngerael, upenyo wa maji katikati ya mwamba, ufungwe. Kila mwaka, mwezi wa sita unapoanza kupungua, chewa hutoka mapangoni mwao kwenye mwamba wote wa kaskazini. Mwaka mzima kila mmoja hukaa peke yake na kumchukia jirani, lakini siku hizo huja kwa mamia kwenye mlango huo mmoja, majike matumbo yamejaa mayai, madume yameparuka na kutafunana mashavu. Hungoja mwezi ufe, humwaga mayai maji yakitoka, kisha kila mmoja hurudi kwake. Atakayetosa mshipi siku hizo hujaza boti kabla hajamaliza kutafuna tambuu moja. Kwa hiyo mwenye cheo cha ukoo hufunga kuti la mnazi kwenye nguzo mdomoni mwa mlango. Hiyo ndiyo bul, na boti hazipiti tena pale mpaka kuti litolewe.

Kazi hiyo walipewa watu wa ukoo wa Isebong tangu zamani, na sababu yake hata mtoto anaijua. Wao hawali chewa. Nani atamshuku mlinzi asiyeitaka mali anayoilinda? Mwenye cheo sasa alikuwa Sumang, mdogo wake wa kiume Isebong, ambaye kijiji kizima kilimwita Rubak kwa heshima. Lakini mwaka juzi wapiga mbizi walihesabu chewa mia nne mlangoni, mwaka jana mia mbili, na mwaka huu mia moja na ushei. Watu wakaanza kuchunguliana boti. Salamu zilikuwa zilezile, ila mtu akikusalimu alikuwa anatazama kwanza ndani ya ndoo yako.

Isebong alijifunga kitambaa mkononi, akaitoa ile ndoana. Ilifungwa kwa mizunguko saba iliyobanana, na chini ya kichwa chake ulizungushwa uzi mwembamba mwekundu. Fundo lile si la kaskazini. Ni la watu wa kisiwa cha Peleliu, kusini kabisa, na mtu wa Peleliu kijijini pale alikuwa mmoja tu. Alikuwa akilala naye kitanda kimoja mwaka wa thelathini na moja sasa.

"Keshokutwa kina mama tunakutana," alisema Oribech, akijipangusa mikono ambayo haikuwa imegusa kitu. "Aliyevunja bul boti yake inavutwa juu isivue tena, hilo unalijua. Na kama ni mume aliyekuja kuoa, anarudi kwa mama yake. Hilo nalo unalijua, maana wewe ndiye uliyemhukumu mume wa Kliu mwaka ule. Hukumwonea huruma hata kidogo."

"Nalikumbuka."

"Basi vizuri. Nilidhani uzee umekuanza."

Akaenda zake, kapu akaliacha.

Isebong aliificha ndoana ndani ya mkoba wake wa popoo, chini ya majani na kichupa cha chokaa, akamzika samaki nyuma ya shamba la majimbi. Kisha akaanza kazi ambayo hakuwahi kuifanya tangu aolewe. Akaanza kumpeleleza mumewe.

Techitong alikuwa mtu wa maneno machache na mwendo wa taratibu, mpenda kazi za mikono. Siku zote hilo lilimpendeza mkewe. Siku ile kila kitu chake kilimkera na kumtia shaka. Mbona alitoka alfajiri na kurudi na samaki watatu tu, tena vibua vya chambo? Mbona galoni la petroli limepungua? Mbona anaosha boti mara mbili? Alimwona akichuna ngozi ya kidole kilichokatwa na mshipi, akajiambia: mshipi wa vibua haukati hivyo.

Tena mtu huyu chewa anamla, tena anampenda. Walipooana alimsifu chewa wa kwao mpaka Isebong akamwambia achague kati ya samaki na mke. Akachagua vyote viwili kwa akili: akaweka chungu chake mwenyewe kibandani nyuma ya nyumba, na siku chache katika mwaka, nje ya bul, alijipikia huko na kula peke yake kama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Mchana Techitong alipolala, Isebong alikwenda kibandani akafunua kile chungu. Kilikuwa kikavu, na buibui amejenga ndani.

Ungedhani moyo ungemtulia. La. Mtu akishaanza kushuku, hata ushahidi wa kumwokoa mwenzake huugeuza kuwa wa kumtia hatiani. Kama hapiki hapa, Isebong aliwaza, basi anapikiwa kwingine. Na mwanamume wa miaka sitini anayepikiwa kwingine hapikiwi na mjomba wake.

Jioni, jua bado liko juu ya mikoko, alimkuta barazani akifunga ndoana mpya. Akatoa ile ya zamani mkobani, akaiweka juu ya goti la mumewe.

"Hii ni ya nani?"

Techitong akaiinua, akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga. Akatafuna tambuu yake muda mrefu, akatema mate mekundu kwenye kopo.

"Fundo ni langu."

"Ilitoka kooni mwa chewa. Juzi au jana. Ulikwenda Ngerael?"

"Fundo ni langu," alirudia.

"Sikukuuliza fundo! Nimekuuliza ulikwenda?"

"Isebong, umeuliza ni ya nani, nimekujibu."

"Oribech ameiona. Keshokutwa itasemwa mbele ya kina mama wote. Wanakurudisha Peleliu, wewe mtu! Unanielewa? Utakwenda kulala kwa nani, mama yako amekufa na ndugu zako wako Guam?"

Uso wa Techitong ulibadilika kidogo. Alikusanya ndoana zake moja moja ndani ya kopo la maziwa, akasimama, akaenda kutazama kamba ya boti ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Mwanamke mwenye haki hujibiwa, Isebong alijiambia usiku kucha. Mwenye hatia ndiye anayecheza na maneno. Kulipopambazuka alikuwa amekwisha kumhukumu, na kilichobaki kilikuwa kumwombea. Akavaa gauni la safari, akaenda kwa ndugu yake. Sumang angeweza kuzungumza na wazee wanaume. Boti ivutwe juu, sawa, hata mwaka mzima. Lakini mtu aachwe nyumbani kwake.

Sumang hakuwapo. Barazani alikaa Kerungil, binti yake, mimba ya miezi minane imemtangulia mbele na mikono yake imekonda vibaya. Mama yake alikufa, mumewe alikuwa jeshini Hawaii. Alishika bakuli, anakula kwa pupa. Isebong akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza.

"Shangazi, simama hapohapo!" Kerungil alipaza sauti na kufunika bakuli kwa kiganja. "Usipande. Huku kuna mwiko wako."

Hiyo ilikuwa adabu, na msichana alifunzwa vizuri. Yeye, kama kila mtoto kisiwani, alikuwa wa ukoo wa mama yake, na chewa kwao ni chakula. Lakini mtu wa ukoo mwingine akikaribia mwiko wake, unamwonya kabla harufu haijamfika.

"Mwiko gani, mwanangu?"

"Supu ya chewa. Ngoja nimalize, ninawe mikono, nikutengenezee tambuu. Leo nina nguvu, we niangalie tu."

Isebong alibaki mguu mmoja juu, mmoja chini.

"Nani amekuletea?"

"Baba. Wa barafu, amemnunua mjini Koror. Shangazi, wiki hii ndiyo nimekula! Majimbi natapika, kuku natapika, hata maji ya dafu yanarudi. Nesi aliniambia nisipokula mtoto atatoka mapema. Baba akasema, unatamani nini? Nikasema chewa, basi tu, nilisema kama mzaha."

Pembeni yake, kwenye sahani, kulikuwa na mayai ya samaki, mifuko miwili ya manjano iliyonona. Isebong hakuwahi kula chewa, lakini alizaliwa kwenye mwamba. Samaki wa mayai namna ile alikuwa mlangoni juzi. Na hakuna duka Koror ambalo lingethubutu kuuza chewa mwezi ule, maana hata sheria ya nchi ilikataza kumvua na kumwuza.

"Na ndoana?" alijikuta akisema.

"Ndoana gani?"

"Hapana kitu. Kula."

Alishuka kile kidato kimoja. Sasa aliona aibu ambayo ilimpandia kutoka miguuni. Nani anamfungia Sumang ndoana? Kila mwaka mume hufunga ndoana za ndugu ya mkewe, arobaini, hamsini, ndiyo heshima ya shemeji, na Techitong hakuwahi kukosa hata mwaka mmoja. Alikuwa akifunga barazani, mbele ya macho yake. Na mume mwenye adabu hamsemi vibaya ndugu ya mkewe; wengine wakimsema, yeye huondoka. Yote hayo Isebong aliyajua tangu utoto. Hayakumjia kichwani kwa sababu Sumang hali chewa, na asiyekula, nani amshuku?

Alimkuta Sumang nyuma ya banda la boti, anakwangua rangi ya zamani. Alipomwona dada yake anakuja na gauni la safari, aliacha kukwangua.

"Umepita nyumbani," alisema.

"Nimepita. Binti yako amenizuia nisikaribie chungu. Umemlea vizuri."

Sumang akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya kwenye mikutano, lakini pale alionekana mdogo.

"Mara ngapi?" Isebong aliuliza.

"Tatu mwaka huu."

"Na miaka iliyopita?"

"Hapana! Naapa kwa mama. Hao waliopungua si mimi. Mara tatu tu, samaki mmoja mmoja. Yule wa pili alikata mshipi."

"Wewe ulilifunga kuti kwa mkono wako, Sumang. Wewe."

"Sasa ningefanya nini?" Alisimama tena. "Wewe mwanao Uchel ana kila kitu. Cheo hiki kitakuwa chake, shamba la majimbi lake, hata hili banda nililolijenga mimi ni lake. Ndivyo ilivyo, sikatai. Lakini yule mle ndani ni damu yangu, na ukoo wangu haumpi hata jani. Nimekaa pale barazani naona mifupa inamtoka. Akasema anataka samaki. Samaki, Isebong! Hakuniomba cheo."

Isebong alitaka kumkumbatia na alitaka kumpiga kofi, vyote kwa pamoja.

"Na mume wangu?"

"Sikumwambia anyamaze."

"Ulijua atanyamaza."

Sumang aliinamisha kichwa. "Nilijua," alisema.

Kesho yake kina mama wa ukoo walikaa kwenye mikeka, kumi na wanne, kila mmoja na mkoba wake wa popoo mbele yake. Wao ndio huchagua mwenye cheo, na wao ndio huweza kumvua. Oribech hakupoteza muda. Alieleza habari za samaki, za ndoana, za mizunguko saba na uzi mwekundu. Alieleza vizuri, lazima tukiri.

"Mtu wa Peleliu ni mmoja," alimaliza. "Namwachia mkewe aseme, asije akadhani namwonea."

Isebong alikuwa amepanga maneno mengi. Yalipotea yote.

"Fundo ni la mume wangu. Mkono uliotosa mshipi ni wa Sumang," alisema. "Nimemuuliza, amekiri. Alimpelekea bintiye mgonjwa."

Hawakuhuzunika. Walipiga hesabu. Aliwaona wakitazamana, mmoja mmoja, halafu wote wakamtazama yeye.

"Ehe," alisema Oribech polepole. "Kwa hiyo Rubak anavuliwa. Na cheo kinakwenda kwa nani? Kwa Uchel wako. Mume umemwokoa, mwana umempandisha, kwa siku moja. Wewe mama una bahati."

"Amekiri kwa nani?" mwingine akauliza. "Kulikuwa na shahidi?"

"Kerungil anakula kila siku. Nendeni mkamuulize."

"Msichana mgonjwa tukamuulize kama baba yake mwizi! Hee!"

Isebong alizitazama nyuso zile alizokua nazo, akatambua macho yale. Ndiyo yaleyale aliyokuwa nayo yeye kibandani, amefunua chungu kikavu cha mumewe. Hakuna jibu ambalo yangelikubali. Isipokuwa moja, na hilo lilimuuma kama jino linalong'olewa.

"Cheo hakiendi kwa mwanangu," alisema. "Kiende nyumba ya pili. Kwa mwanao, Oribech. Mimi, nyumba ya kwanza, nasema hivyo mbele yenu, na sitalirudia wala sitalifuta. Sasa mniambie nimeiba nini."

Hapo waliamini. Uso wa Oribech haukuwa wa ushindi. Mama mmoja mzee alianza kulia, kwa ajili ya Sumang, na wengine wakafuata. Iliamuliwa Sumang avuliwe cheo, na boti yake ivutwe juu siku ileile.

Isebong alirudi nyumbani kwa njia ya juu asipite kwa ndugu yake. Miguu ilimlemea, lakini moyoni alikuwa na jambo moja la kumfurahisha, na alilibeba kwa uangalifu: Techitong atabaki.

Alimkuta ameshafunga begi. Lilikuwa begani kwake, na amevaa shati la kwenda kanisani.

"Hujasikia?" alisema Isebong. "Nimewaambia. Hukumu si yako. Jina lako halimo."

"Nimesikia. Kijiji chote kimesikia." Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Shemeji yangu amevuliwa cheo ili mimi nibaki. Sasa nitakaa wapi, Isebong? Nitamsalimu vipi? Nitakula majimbi ya ukoo huu na kuyameza?"

"Ulitaka ninyamaze ufukuzwe?"

"Nilikuwa tayari kufukuzwa. Mimi ni mgeni, aibu yangu ingeondoka na mimi. Yake haina pa kwenda."

"Na mimi? Mimi ningebaki na nini?"

Alitazama barabara, ambako gari la kwenda bandarini Koror lingepita muda wowote, kisha akamtazama mkewe usoni, jambo ambalo hakulifanya kwa siku tatu.

"Nina swali moja tu. Kabla hujaiona ile supu, uliniamini? Hata kidogo?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na mtu wa kumsuta hakuwapo. Isebong alilifungulia mdomo.

"La," alisema. "Sikukuamini. Nilikwisha kukuhukumu."

Gari lilisikika likipanda kilima. Techitong alisikiliza. Likafika usawa wa nyumba, likapunguza mwendo, dereva akapiga honi mara moja, akangoja, akaondoka.

Techitong akateremsha begi begani, akaliweka kizingitini, nusu ndani, nusu nje.

"Boti nyingine ya Peleliu ni Ijumaa," alisema. "Nitafikiri mpaka Ijumaa."

Ilikuwa Jumanne. Isebong alipita kando ya begi bila kuligusa, akaenda kuinjika majimbi ya watu wawili.